Choo kunukia jik si kusema ni kisafi: dhana potofu kuhusu usafi wa nyumba zetu Mombasa

Mgeni akiingia chooni akapigwa na harufu ya jik, hutoka akimsifu mwenye nyumba. Sifa hiyo ndiyo inayotuponza. Jik huua vijidudu na hung'arisha, lakini kung'oa uchafu si kazi yake. Tukishaamini kwamba kila kibaya cha nyumbani dawa yake ni jik, tunamaliza pesa, tunaumiza vifua, na uchafu unabaki palepale.

“Mwaga jik, iache, uchafu utatoka wenyewe.”

Hautoki. Jik ikikuta kinyesi, mafuta au utando wa sabuni, nguvu zake huishia hapo kabla ya kuvifikia vijidudu vilivyojificha chini. Sabuni na brashi kwanza, suuza, ndipo upake jik iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na uiache dakika kama kumi. Maji yawe baridi, kwa kuwa ya moto huiharibu. Hata joto letu la Februari huiharibu polepole: chupa iliyokaa miezi dirishani ikipigwa jua itanuka bado, lakini kazi yake imepungua.

“Ule ugando wa kahawia chooni ni uchafu sugu, unataka jik zaidi.”

Hili linatuhusu hasa sisi tunaotegemea maji ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji yanapopita humo hubeba chokaa, na kila yanapokauka huiacha: chooni, kwenye shawa, ndani ya birika. Kwa hivyo ule ugando ni jiwe, na mkojo na uchafu hushika juu yake. Jik hulipausha tu. Leo utaliona jeupe, wiki ijayo limerudi rangi yake. Na kama ni doa la kutu, jik huweza hata kulikoleza.

Kinachoyeyusha chokaa ni asidi, na asidi ya kutosha iko jikoni: siki nyeupe au maji ya ndimu. Sukuma maji ya chooni kwa brashi mpaka ugando uwe wazi, tandaza juu yake vitambaa vilivyoloa siki, ulale. Ukiinama ukatazama kwa karibu utaona viputo vidogo vikipanda pembeni mwa kitambaa. Hiyo ni hewa inayotoka jiwe linapoyeyuka. Asubuhi sugua. Ugando wa miaka utataka usiku wa pili, pengine wa tatu, na hapo subira inafaa kuliko kukwaruza kwa chuma, kwani mikwaruzo huupa ugando mpya mahali pa kushika. Ila siki isiguse sakafu ya marumaru wala ya terazo. Marumaru nayo ni chokaa, itapoteza mng'aro.

“Dawa moja haitoshi, changanya mbili.”

Hili naomba lisikike katika kila nyumba, hasa na dada wa kazi anayekabidhiwa chupa bila maelezo. Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au na hiyo siki niliyoitaja, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ileile iliyotumiwa vitani huko Ubelgiji mwaka 1915 kuua askari. Vyoo vyetu vingi ni vyembamba, na kidirisha ni kimoja, tena juu. Basi siku ya siki isiwe siku ya jik, na katikati choo kisuuzwe sana.

Mkojo uliokaa nao una amonia, na amonia na jik hutoa gesi nyingine inayochoma macho na koo. Kwa hivyo siku ambazo mfereji hautoi maji na choo kimekaa tangu jana, kimwagie ndoo ya maji kwanza kabla ya dawa yoyote. Na ile asidi inayouzwa kwenye chupa za soda zisizo na karatasi, usiingize nyumbani kabisa. Hujui ni nini wala ina nguvu gani, na mtoto akiona chupa ya soda atainywa. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka, acha mlango wazi, usirudi kumalizia. Kifua kikibana, nenda hospitali.

“Bafu linanuka, lifukize udi.”

Udi una heshima yake, lakini harufu ya shimo haiondoki kwa moshi. Chini ya tundu la maji, bomba hupinda na kubakisha maji, nayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande. Bafu la wageni likikaa bila kutumika, maji hayo hukauka. Mwaga makopo mawili ya maji, basi.

Kuhusu sinki la jikoni lililoziba, watu husifia mchanganyiko wa siki na bikaboneti. Povu lake linapendeza, lakini viwili hivyo hukatana nguvu. Kilichoziba ni mafuta ya viazi karai na mahamri, na maji ya moto peke yake huyasogeza tu yakagande mbele zaidi, pale mkono haufiki. Futa karai kwa gazeti kabla ya kuliosha.

“Choo ndicho pachafu kuliko pote.”

Mara nyingi sponji ya vyombo hukishinda kwa wingi wa vijidudu. Inalala mbichi, ina mabaki ya chakula, na usiku wetu ni wa joto. Ikamue, ianike juani, itupe ikianza kunuka, na kitambaa cha meza kichemshwe. Hiyo sponji isitumike kamwe kufutia damu ya kuku kisha ikaosha vikombe.