Vihusishi Baada ya Vivumishi vya Kiingereza

Katika insha za Kiingereza ninazosahihisha, hakuna kosa sugu kama la "similar with", "different with" na "married with". Mwandishi amechagua kivumishi sahihi, kisha akakifuatisha kihusishi kisichokihusu. Chanzo chake ni "na" yetu, ambayo hubeba peke yake mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maneno kadhaa: sisi husema jambo hili linafanana na lile, linatofautiana na lile, na Asha ameolewa na Juma, ilhali Kiingereza hudai "similar to", "different from" na "married to". Mwanafunzi aliyefundishwa tangu awali kwamba "na" ni "with" hana sababu ya kushuku kitu.

Kosa la pili ni kukiacha kihusishi kabisa. Kiswahili huweza kuufumbata uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika kujivunia na kukasirikia, au kukipa kitenzi yambwa yake (kinachotendwa) moja kwa moja, kama tunaposema tunaogopa nyoka. Kiingereza, kinapotumia kivumishi mahali pa kitenzi hicho, hakina budi kuleta neno la kuunganisha: "proud of my daughter", "afraid of snakes".

Wengi hutafuta kanuni moja itakayotawala yote. Haipo, na walimu wanaoahidi kuitoa huwapotezea wanafunzi muda. Ninachosisitiza ni kukijifunza kivumishi pamoja na kihusishi chake, kisha kuangalia kihusishi kinapobadilika maana inabadilikaje. Chukua "good": "good at football" humsifu mtu kwa ustadi, "good for children" hueleza manufaa, na "good to me" hueleza wema niliotendewa. Vivyo hivyo mtu huwa "responsible for" kazi aliyopewa lakini "responsible to" mkuu wake, na tofauti hiyo ina uzito katika barua ya kuomba kazi. Kuhusu "different to" ya Waingereza na "different than" ya Wamarekani, zote utazisikia. Katika mtihani andika "different from", inayokubalika pande zote mbili.

Kitenzi kikifuata kihusishi, lazima kichukue "-ing". Kwa kuwa sisi husema hodari wa kuogelea, wengi huandika "good at to swim" badala ya "good at swimming". Mtego mkubwa zaidi ni "used to", kwa sababu "to" yake huweza kuwa kihusishi au alama ya kitenzi. "I am used to waking up early" ni kusema nimezoea kuamka mapema, na hapo "used" ni kivumishi. "I used to wake up early" ni kusema zamani nilikuwa nikiamka mapema, na sasa siamki tena.