Kipandauso na glutamati inayopita kiasi

Wagonjwa wengi wa kipandauso hunifikia wakiwa wamechoka kuambiwa kwamba ni mawazo tu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya neva, na maelezo yangu huanzia kwenye glutamati.

Hii ni asidi ya amino, kichocheo kikuu cha seli za neva katika ubongo. Seli moja huimwaga, jirani yake huamka, kisha seli saidizi ziitwazo astrositi huifyonza upesi. Shida huanza inapomwagwa nyingi mno au inapochelewa kuondolewa.

Mwaka 1944 Aristides Leão, mtafiti Mbrazili, alichapisha alichokiona kwenye ubongo wa sungura: utendaji wa seli ulizimika kwa muda, na hali hiyo ikatambaa kama wimbi juu ya gamba la ubongo. Wimbi hilo, ambalo glutamati na potasiamu hulisukuma mbele, huenda takriban milimita 3 kwa dakika. Mgonjwa akinisimulia kwamba vimulimuli vya pembepembe vilianzia katikati ya alichokuwa akikitazama, vikatanuka polepole kuelekea pembeni na kuacha doa ambalo ndani yake hakuweza kusoma herufi, najua wimbi limepita kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kuona. Si mawazo hata kidogo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka kwenye familia zenye kipandauso kinacholegeza upande mmoja wa mwili. Jeni ya CACNA1A ikibadilika, glutamati humwagwa kupita kiasi. Ikiwa ni ATP1A2, astrositi hushindwa kuifyonza vizuri. Njia mbili, matokeo yale yale.

Neva ya hisia za uso, trijemini, nayo hutumia glutamati kupeleka maumivu kwenye shina la ubongo. Shambulio likikolea, seli za huko huchokozeka kirahisi hata kuchana nywele kukauma. Ndiyo maana nasisitiza triptani, dawa ya kukatiza shambulio la kipandauso, imezwe maumivu yanapoanza tu.

Glutamati ya kwenye chakula ni habari nyingine, kwani ni kidogo sana inayovuka kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo.

Kwa nini basi tusiizuie kabisa glutamati ya kwenye ubongo? Kwa sababu kumbukumbu na kujifunza vinaitegemea. Tunachoweza ni kuipunguza makali: magnesiamu huziba mlango wa NMDA, kipokezi kimojawapo ambacho seli hupokelea glutamati, na topirameti, dawa ya kuzuia kipandauso, hupoza vipokezi vingine vya glutamati. Ila topirameti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayetarajia kupata mimba azungumze na daktari kabla ya kuianza.