Mantis: mwaguzi au kichaa?

Mpiga ramli hajui, ila fani yake ina jina la Kigiriki nusu. Watafsiri wa karne ya 12 walipoihamishia Kilatini ramli ya Waarabu waliiita geomantia, na hicho kipande cha mwisho kinatokana na mantis, mwaguzi wa Wagiriki wa kale. Mantis lenyewe limetoka wapi?

Wanafunzi wangu hunijibu kwa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki. Katika kitabu chake cha majadiliano, Phaedrus, Socrates anadai kwamba wahenga waliuita uaguzi manike, yaani fani ya wazimu, kisha watu wa zama zake, kwa kutojua uzuri, wakachomeka t ikawa mantike. Utani mtamu huo, lakini si isimu. Papo hapo anadai kuwa neno la uaguzi wa ndege, oionistike, limeungwa kwa dhana, akili na maarifa, ilhali oionos ni ndege tu, hasa wale wakubwa walao nyama.

Hata hivyo hakupotea mbali. Wengi wetu wanaisimu tunaliweka mantis jirani na mainomai, "kushikwa na wazimu", chini ya mzizi wa kale *men- (nyota huonyesha kuwa umekisiwa) wa mambo ya akili, uliozaa pia mens ya Kilatini na manas ya Kisanskriti, yote mawili "akili". Kinachosumbua ni ile n. Mzizi huo ukifupishwa na kufuatwa na t, Kigiriki hutoa mat-, kama katika automatos, "ajiendeshaye". Tungetarajia matis! Basi ama neno liliundwa baadaye kutoka kwenye kitenzi, ambako n ilishakaa, ama tutafute kwingine. Mtaalamu wa Kigiriki Michel Casevitz alipendekeza kitenzi menyo, "kufichua".

Sauti hazimkubali Casevitz kirahisi, ila maana inanivuta. Kalchas, mwaguzi wa jeshi la Wagiriki katika utenzi wa Homer, Iliad, haweweseki. Anasimama barazani na kueleza kwa nini tauni imewaangukia. Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, inamweka mwaguzi kundi moja na tabibu, seremala na mwimbaji, watu wanaoitwa kwa kazi yao. Na kazi ililipa: mwaguzi Silanos alimwagulia Cyrus, mwanamfalme wa Uajemi aliyemwasi kaka yake mfalme, kwamba mfalme huyo hatapigana ndani ya siku kumi, na ilipotimia Silanos akapewa dariki 3,000, sarafu za dhahabu za Uajemi. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa katika jeshi hilo na kusimulia hayo, alikuwa amehudhuria kafara nyingi kiasi cha kujua mwenyewe kusoma matumbo ya mnyama, na anasema Silanos alilifahamu hilo, hivyo hakuthubutu kumdanganya waziwazi.