Mafahali wawili, zizi moja: dhana potofu kuhusu poliridhimu kwenye piano

Noti tatu mkono wa kulia, noti mbili mkono wa kushoto, muda uleule. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa piano hufunga kitabu.

Hiyo ndiyo poliridhimu: mapigo yenye mgawanyo tofauti yanakwenda kwa wakati mmoja, kila mkono ukigonga kwa nafasi zilizo sawa, yanaanza pamoja, yanaachana, yanakutana tena. Tatu kwa mbili ndiyo ya kuanzia. Inafuata nne kwa tatu, kisha tano kwa nne, na kuendelea. Si jambo jepesi, sitakudanganya. Ila sehemu kubwa ya ugumu wake nimeiona ikitoka kwenye mambo ambayo mwanafunzi huambiwa kabla hajagusa piano, na mengi kati ya hayo si kweli.

"Lazima kila mkono uwe na akili yake"

Hii ndiyo dhana iliyoumiza wanafunzi wengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Tunaambiwa mikono ni mafahali wawili, na kazi yetu ni kuwafundisha wasijuane. Mwanafunzi anafanya mazoezi ya mkono wa kulia peke yake mpaka unateleza, kisha wa kushoto peke yake mpaka unateleza, halafu anaiweka pamoja na kusubiri muujiza. Muujiza hauji. Mkono wenye mapigo mawili unavutwa, pigo lake la pili linaangukia juu ya noti ya pili au ya tatu ya mwenzake, na kila kitu kinageuka kuwa mchakamchaka.

Mikono ya binadamu kwa asili inavutana. Ukiiachia, inataka kugonga pamoja. Utafiti wa miaka ya 1980 juu ya watu waliokuwa wakigonga tatu kwa mbili ulionyesha kwamba walioisikia kama mdundo mmoja uliounganika walifanya vizuri zaidi kuliko waliojaribu kufuata mistari miwili iliyotengana. Yaani zizi ni moja, na ndani yake yumo mnyama mmoja mwenye miguu mingi.

Tazama tatu kwa mbili kwa karibu. Gawanya muda wote katika vipande sita vidogo vilivyo sawa. Mkono wenye mapigo matatu unagonga kwenye 1, 3 na 5. Mkono wenye mapigo mawili unagonga kwenye 1 na 4. Ukiyaunganisha unapata mapigo manne tu: 1, 3, 4, 5. Kwa maneno: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Urefu wake ni ndefu, fupi, fupi, ndefu. Hayo ndiyo yote. Hakuna mahali ambapo mikono inafanya mambo mawili yasiyohusiana. Ni mstari mmoja unaopokezanwa.

Gonga hivyo kwenye magoti yako sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Usikimbilie piano. Magoti hayana noti za kukosea, na masikio yako yatapata nafasi ya kusikia umbo lenyewe.

"Huwezi bila kuhesabu"

Hesabu inajenga, lakini haichezi muziki. Niliyoyaeleza hapo juu yanakuonyesha pigo liko wapi. Ukiendelea kuhesabu hadi sita huku unapiga wimbo, utasikika kama mtu anayesoma barua huku akizitaja herufi moja moja.

Kinachofanya kazi ni maneno. Wanaojifunza kwa lugha nyingine wana vifungu vyao vya kukariri, lakini Kiswahili kina zawadi ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili huwa zito mwanzoni na jepesi mwishoni. Sema: *Mama kaja.*

Silabi nne, mapigo manne. Mkono wenye mapigo mawili unagonga kwenye silabi zenye mkazo, MA na KA. Mkono wenye mapigo matatu unagonga kwenye ma ya kwanza, ma ya pili, na ja.

Ongeza neno moja: *Mama kaja leo.* Silabi sita, na hiyo ndiyo nne kwa tatu. Mkazo wa kila neno, MA, KA, LE, ni wa mkono wenye mapigo matatu. Mkono wenye manne unachukua ma ya kwanza kabisa, kisha silabi ya mwisho ya kila neno: ma, ja, o. Ongeza jingine: *Mama kaja leo tena.* Silabi nane, tano kwa nne, kwa utaratibu uleule. Nilipoligundua hili nililiandika ukutani karibu na piano, na bado liko hapo.

Tahadhari moja, na tafadhali usiiruke. Kifungu kinakupa mpangilio wa mikono, hakikupi urefu wa kila silabi. Tunapozungumza, silabi yenye mkazo huelekea kurefuka. Kwenye poliridhimu haiwi hivyo kila mara. Katika tatu kwa mbili, ka ni fupi na ja ni ndefu: *maa-ma-ka-jaa*. Katika nne kwa tatu tunagawa muda katika vipande kumi na viwili. Mkono wenye manne uko kwenye 1, 4, 7 na 10, wenye matatu kwenye 1, 5 na 9. Urefu wa mapigo yote yakiunganishwa ni 3, 1, 2, 2, 1, 3. Kwa hiyo inasemwa *maaa-ma-kaa-jaa-le-ooo*, le ikidonolewa haraka na o ikivutwa. Isome mara kumi kwa sauti. Utaona pia kwamba namba hizo zinasomeka vilevile kutoka nyuma. Poliridhimu zote za namna hii ziko hivyo, na kujua hilo kunasaidia: nusu ya pili ni kioo cha nusu ya kwanza, kwa hiyo ukiharibu upande mmoja unajua wapi pa kutazama.

"Haraka haraka haina baraka, anza polepole kabisa"

Nusu ya hii ni kweli. Polepole ni nzuri kwa kujifunza mkono upi unafuata upi. Lakini kuna polepole inayoua. Nafasi kati ya pigo na pigo ikikaribia sekunde mbili, sikio linaacha kuyaunganisha. Kila pigo linasimama peke yake kama jiwe, na hakuna mdundo tena. Mwanafunzi anaweza kukaa hapo wiki nzima akigonga kwa usahihi bila kusikia poliridhimu hata mara moja.

Ninachopendekeza ni kinyume cha mazoea. Chukua mzunguko mmoja tu, upige kwa kasi ya kawaida, ishia kwenye pigo la kukutana, simama. Pumua. Tena. Baadaye mizunguko miwili. Unaongeza urefu wa kipande, si kasi. Na metronomi, kile kifaa cha kugonga mdundo, uiweke igonge mara moja tu kwa mzunguko, pale mikono inapokutana. Ikigonga mapigo ya mkono mmoja, utauegemea mkono huo na mwingine utabaki yatima.

(Hapa kuna jambo la ajabu ambalo halihusiani na mazoezi lakini siwezi kuliacha. Tatu kwa mbili ikiongezwa kasi mno, mpaka mizunguko 100 kwa sekunde, masikio hayasikii mapigo tena. Yanasikia sauti mbili, moja ya mitetemo 300 na nyingine ya 200 kwa sekunde, na umbali kati yake ndio ule wa do na so. Nne kwa tatu inatoa do na fa. Tano kwa nne, do na mi. Upatano wa sauti na mdundo wa mikono ni uwiano uleule wa namba, tofauti ni kasi.)

"Ni mambo ya waliofika juu"

Hapana. Mtoto anayeweza kusema *mama kaja* na kugonga magoti anaweza tatu kwa mbili. Mtunzi Chopin aliandika etudi tatu, yaani vipande vya mazoezi, mwaka 1839 kwa ajili ya kitabu cha mafunzo ya piano. Moja imejengwa juu ya tatu kwa nne na nyingine juu ya tatu kwa mbili. Mtunzi mwingine, Brahms, alipochapisha mazoezi yake 51 ya piano mwaka 1893, aliyafungua na zoezi la tatu kwa nne. Anayetaka kipande cha kwanza chenye muziki wa kweli aiendee Arabesque ya kwanza ya mtunzi Debussy, ambako tatu inaelea juu ya mbili taratibu kiasi kwamba mikono inapata muda wa kusikilizana.

"Waafrika huzaliwa nayo"

Nimelisikia hili kutoka kwa watu wenye nia njema na linanichosha. Hakuna anayezaliwa na tatu kwa mbili mikononi. Mtoto anayekua akisikia ngoma zinazopishana, akicheza, akipiga makofi na wenzake, anajifunza kwa miaka mingi bila kukaa darasani. Huko ni kujifunza, na ni kazi. Anayeambiwa eti anayo kwenye damu akishindwa siku ya kwanza anajiona ana kasoro. Asiye Mwafrika anajiona hana haki ya kujaribu.

Kofi Agawu, msomi wa muziki kutoka Ghana, amepinga kwa miaka mingi tabia ya kuueleza muziki wa Afrika kama mapigo yasiyohusiana yanayogongana. Anatuelekeza tutazame miguu ya wachezaji: chini ya ngoma zote kuna hatua moja iliyotulia, na mengine yote yanasikika kwa kuiegemea hiyo. Mpiga piano aliyekwama aichukue hoja hiyo jinsi ilivyo. Simama, tembea papo hapo, na uimbe *mama kaja* huku hatua zikianguka kwenye MA na KA. Mwili ukishapata hatua, vidole vinapata mahali pa kukaa.

Mtunzi György Ligeti naye aliingia mlango huo. Alivutiwa na muziki wa Afrika ya Kati kupitia kazi ya mtafiti wa muziki Simha Arom, na mwaka 1985 akakamilisha kitabu chake cha kwanza cha etudi za piano. Ya kwanza, Désordre (yaani "Vurugu"), inampa mkono wa kulia vibonyezo vyeupe na wa kushoto vyeusi. Kwa msikilizaji inasikika kama mikono imegombana. Lakini chini yake noti fupi zinatiririka bila kukoma na zote zina urefu uleule. Kinachohama ni mkazo, mpaka mikono inapoachana kidogo kidogo. Hata pale ambapo mtunzi aliita kazi yake vurugu, kipande kidogo cha pamoja kipo.

"Poliridhimu na polimita ni kitu kimoja"

Si kitu kimoja. Kwenye poliridhimu muda uleule unagawanywa kwa idadi tofauti. Kwenye polimita noti ndogo ni zilezile, bali mmoja anazipanga tatu tatu na mwingine nne nne, kwa hiyo mwanzo wa makundi unahama. Désordre iko karibu zaidi na hii ya pili.

"Lazima kila noti ikae kwenye hesabu yake kama mashine"

Kwa namba ndogo, ndiyo, lenga usahihi. Lakini fungua Nocturne ya Chopin Op. 9 Na. 1. Kurasa za mwanzo tu, mkono wa kulia una kundi la noti 11 juu ya 6, na kabla hujatulia unakuja na 22 juu ya 12. Ukitaka kugawa 11 na 6 kwa vipande vya pamoja utahitaji 66. Hakuna mtu anayefanya hivyo, na mtunzi hakukusudia hivyo. Hapo njia ya mdundo mmoja inafika mwisho wake: mkono wa kushoto unakwenda kwa utulivu kama anayetembea, wa kulia unaimba juu yake na kuhakikisha tu kwamba unafika kwenye pigo linalofuata kwa wakati.

Fantaisie-Impromptu, aliyoiandika mwaka 1834 na ikachapwa mwaka 1855, miaka sita baada ya kifo chake, iko katikati ya njia hizo mbili. Ni nne kwa tatu tangu mkono wa kulia unapoingia. Unaijenga kwa *mama kaja leo*, polepole, mpaka umbo linakaa. Lakini kwenye kasi yake halisi silabi hazitamkiki tena. Unachoshika ni pigo la kukutana tu, na katikati yake mikono inajua njia.

"Nikiweza kuipiga, nimeshaijua"

Kuna kipimo ninachokitumia, na wengi hukwama hapo mara ya kwanza. Piga tatu kwa mbili mfululizo, ukiwa umetulia. Katikati ya mzunguko, si kwenye pigo la kukutana, nyamazisha mkono wa kushoto. Sikiliza wa kulia: mapigo yake matatu yamebaki sawasawa, au yameyumba? Urudishe wa kushoto bila kusimama. Kisha nyamazisha wa kulia. Ukishaweza hayo, piga mkono mmoja kwa nguvu na mwingine kwa kunong'ona, halafu badilisha. Mdundo uliojifunza kama kitu kimoja sasa unaanza kusikika kama sauti mbili, na safari hii hakuna inayomvuta mwenzake.