Je, wajua kwa nini pudini ya kiangazi inataka mkate uliolala?

Waingereza wana kitindamlo ambacho ukikieleza kwa maneno matupu hakuna atakayekitamani: slesi za mkate mweupe wa juzi na matunda machachu yaliyopitishwa motoni dakika chache, vyote vikashindiliwa kwenye bakuli na kulazwa kwenye friji. Hakiokwi. Hakina yai, hakina siagi, hakina jeletini. Kesho yake bakuli linapinduliwa juu ya sahani, na kinachotoka ni kuba la rangi ya damu ya mzee, limesimama lenyewe, linakatika vipande kama keki. Jina lake ni pudini ya kiangazi, kwa sababu msimu wake ni mwisho wa Juni na Julai, rasiberi na karanti, matunda madogo ya vichakani huko Ulaya, zinapoiva. Katika karne ya 19 kiliitwa pudini ya haidropathi, na inasemekana walipewa wagonjwa kwenye nyumba za tiba ya maji, waliokatazwa vitamu vya unga uliokandwa kwa mafuta mengi.

Wapishi wake hubishana juu ya mengi, lakini kwa jambo moja wako pamoja: mkate uwe umelala siku moja au mbili. Uliza sababu, na jibu utakalopewa ni kwamba mkate wa zamani umekauka, kwa hiyo unanyonya maji zaidi. Linaingia akilini, na kwa sehemu kubwa si kweli.

Mkate uliolala si lazima uwe umekauka. Ukiachwa wazi mezani utakauka, naam, lakini ukavu huo ni jambo lingine linalotokea sambamba. Mwaka 1852 mkemia wa Kifaransa, Jean-Baptiste Boussingault, aliufungia mkate pasipo nafasi ya unyevu kutoka, na mkate ukawa mgumu vilevile. Tena ukipashwa hadi kama nyuzi 60 za Selsiasi ulirudia ulaini wake. Kama tatizo lingekuwa ukavu, moto ungeliongeza badala ya kuliondoa.

Mla ugali hahitaji maabara kulithibitisha hili. Ugali wa jana ulifunikwa sufuriani, kifuniko kimetoa jasho, maji hayajakwenda popote. Asubuhi kiporo kinakatika kwa kisu. Wali uliolala nao ni hivyo hivyo: punje ngumu, mdomoni unadhani umekauka, lakini ufunike na kuupasha, unalainika. Ugumu wa kiporo na ugumu wa mkate wa juzi ni kitu kimoja. Ajabu ni kwamba watu wanaokula kiporo maisha yao yote, wakifika kwenye mkate wanasema umekauka.

Kinachofanya kazi hapo ni wanga. Ndani ya unga mkavu, molekuli za wanga zimepangwa na kubanana kama khanga mpya ndani ya robota dukani. Maji na moto wa tanuri vinalifungua robota: khanga zinatawanyika, zinalowa, kila moja imezungukwa na maji. Huo ndio mkate wa moto, laini na wenye kunata. Ukianza kupoa, khanga zinaanza kujikunja tena zenyewe, si kwa unadhifu wa dukani, ila zinajikunja, na kila mkunjo unakamua maji yaliyokuwa katikati yake.

Hazijikunji kwa kasi moja. Kuna molekuli ndefu zilizonyooka, ziitwazo amilosi, ambazo humaliza kazi yao saa chache baada ya mkate kutoka tanurini. Ndiyo sababu mkate wa moto haukatiki vizuri na wa vuguvugu unakatika. Nyingine, amilopektini, zina matawi mengi kama kichaka, na kichaka hakikunjiki upesi. Hizo huchukua siku kadhaa kutengeneza fuwele ndogo ndogo, na ni hizo zinazoutofautisha mkate wa leo na wa juzi. Maji bado yamo. Yamebanwa tu mahali ambapo ulimi hauyapati. (Gluteni, yaani protini ya ngano, ina mchango kiasi gani katika ugumu huo? Hapo watafiti bado wanavutana, ila nafasi ya wanga haina mgogoro.)

Sasa mimina juisi. Nyama ya mkate ni vitundu vilivyotengwa na kuta nyembamba. Kwenye mkate wa leo kuta ni laini. Zikilowa zinaangukiana, vitundu vinaziba, na nje kunakuwa na utandu kama uji mzito ambao juisi haiwezi kuupenya. Ukikata pudini unakuta kinyunya upande mmoja na mkate mweupe katikati. Kwenye mkate uliolala, kuta zimekakamaa. Zinalowa lakini zinabaki zimesimama, na juisi inapita toka tundu hadi tundu kama maji kwenye dodoki. Dodoki halisifiwi kwa ukavu wake. Linasifiwa kwa kuwa halisinyai likilowa.

Ukishajua hivyo, makosa matatu ya kawaida yanajieleza.

La kwanza ni kununua mkate usiolala. Mikate mingi ya kiwandani, inayouzwa imekatwa na kufungwa kwenye nailoni, imetiwa vilainishi vinavyoizuia amilosi na vimeng'enya vinavyoyapunguza matawi ya amilopektini, makusudi ili wanga usijikunje. Uingereza hutengeneza sehemu kubwa ya mikate yake kwa njia ya haraka iliyobuniwa katika kijiji cha Chorleywood mwaka 1961. Mkate wa namna hiyo unaweza kuota ukungu kabla haujawa mgumu sawasawa. Uweke siku tatu ukidhani unaulaza, bado utakuwa teketeke, na pudini itakuwa matope. Tafuta mkate wa mwokaji wa kawaida: unga, maji, hamira, chumvi. Bonyeza slesi kwa kidole. Ikirudi polepole na kuacha alama hafifu bila kunata, imefika.

La pili ni kumimina matunda yangali ya moto. Fuwele za amilopektini huyeyuka karibu na nyuzi 50 hadi 60, kwa hiyo juisi inayofuka itaurudisha mkate wako ujana ndani ya dakika moja. Siku mbili za kuulaza zimepotea. Subiri hadi uweze kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila usumbufu.

La tatu ni kuukausha mkate wa leo kwenye oveni na kuuita uliolala. Unapungua maji, ni kweli, na utakunywa juisi kwa kasi, lakini haujapewa muda wa kujenga zile fuwele. Wako wapishi wanaoridhika nao, hasa ukikaushwa taratibu kwa moto mdogo na kuachwa upoe kabisa, kwa hiyo nisiseme hauwezi kutumika. Njia ya mkato iliyo bora ni friji. Wanga hujikunja upesi zaidi kwenye baridi ya friji, karibu na nyuzi 0 hadi 5, kuliko mezani. Friji ni mahali pabaya pa kuhifadhi mkate wa chai, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali pazuri pa kuulaza mkate wa pudini: funga slesi, weka usiku mmoja. Friza haisaidii, maana kwenye baridi kali shughuli yote husimama.

Kwa bakuli la kina la lita 1, linalotosha watu sita: rasiberi gramu 500, karanti nyekundu 250, karanti nyeusi 100, sukari 140, na slesi nane au tisa zenye unene wa sentimita 1, zikatwe maganda. Karanti ni vitunda vidogo vichachu, vinang'aa kama shanga na huning'inia kwenye vikonyo. Pitisha uma kwenye kikonyo na zitadondoka. Zile nyeusi usizidishe. Zina harufu kali, gramu 200 zikiingia hutaonja kingine.

Tia karanti na sukari kwenye sufuria pana, moto mdogo, bila maji. Sukari itazivuta juisi zenyewe. Baada ya kama dakika nne, sukari ikiwa imeyeyuka na karanti zimeanza kupasuka, ongeza rasiberi, geuza mara moja au mbili, epua baada ya dakika moja. Ukizichemsha umepika jemu. Chuja na uweke kando mililita 150 za juisi.

Tandaza plastiki ya kufungia chakula ndani ya bakuli, ncha zining'inie nje. Kata duara la mkate kwa ajili ya chini, chovya upande mmoja kwenye juisi ya pembeni, kisha weka upande uliolowa ukitazama bakuli. Panga pande zote hivyo hivyo, kila slesi ipande juu ya mwenzake kama sentimita moja, na upenyo wowote uzibwe kwa kipande. Upenyo ndio unaoangusha kuba. Jaza nusu ya matunda, weka safu ya mkate katikati, malizia matunda, funika kwa mkate. Kunja ncha za plastiki, weka kisahani kinachoingia ndani ya mdomo wa bakuli, na juu yake uzito wa kilo 1; makopo mawili ya nyanya yanatosha. Bakuli likae juu ya sinia, kwa sababu litavuja. Friji, saa 12 kwa uchache.

Humo ndani mambo mawili yanaendelea kwa pamoja. Wanga unazidi kujikunja kwa baridi, safari hii ukiwa umeshiba juisi. Na karanti, ambazo zina uchachu mkali na pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, zinaigandisha juisi kidogo, kiasi cha kuifanya ishikamane. Stroberi hazina pektini ya kutosha na zikipashwa hulegea na kupauka, ndiyo maana wenye msimamo mkali huzikataa humu. Kwa maoni yangu chache si dhambi, ilimradi zisichukue nafasi ya karanti.

Ukipindua ukaona mabaka meupe, ile juisi ya pembeni ndiyo dawa yake. Ipake kwa kijiko. Pudini ikikaa chini kama aliyechoka, ama mkate ulikuwa wa leo, ama uzito ulikuwa mdogo, ama saa hazikutimia. Huliwa na krimu ya maji isiyotiwa sukari.

Pwani na bara yetu karanti ni nadra, lakini forsadi zipo. Ni tamu kuliko chachu, hivyo punguza sukari hadi gramu 80 na kamulia ndimu mbili. Vikonyo vyake havitoki kwa uma. Itabidi ukae na mkasi, na vidole vitabaki zambarau siku mbili.