Mtaa unaotembeka: tunayodhani na yalivyo

"Njia ya waenda kwa miguu ipo, basi inatosha."
Ifuate mita mia mbili tu. Nguzo imesimama katikati, mbele yake gari limepandishwa magurudumu mawili, kisha mfuniko wa mtaro haupo, halafu njia inakatika na unajikuta barabarani ukigeuka nyuma kutazama kinachokuja. Kwenye ramani hiyo ni njia nzima. Kiti cha magurudumu kinataka nafasi wazi ya sentimita 90 hivi, na viwili vikipishana, mita 1.8. Anayekagua kama mtaa unatembeka hupima pale palipobana zaidi: njia ya mita mbili yenye nguzo inayobakisha sentimita 60 ni njia ya sentimita 60.

"Daraja la juu ndilo suluhisho la kuvuka."
Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili hujengwa kwa zege na halibomoki kirahisi. Daraja lazima lipae zaidi ya mita 5 ili malori yapite chini. Hizo ni ngazi thelathini na kitu kupanda, na nyingine kama hizo kushuka. Ukiweka njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, kwa kipimo cha kawaida cha kupanda mita 1 kwa kila mita 12, unapata mita 60 na zaidi kila upande. Aliyekuwa na barabara ya mita 14 mbele yake sasa ana safari ya zaidi ya mita 130. Anapita chini, na sisi tunamwita mvivu, ilhali dereva aliyeketi hakuombwa kupanda hata ngazi moja. Daraja lina mahali pake, juu ya reli au barabara kuu ya mwendo kasi. Kwenye makazi, kivuko kilichoinuliwa kama tuta, au kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara, humfaa mtu zaidi.

"Kati ya mwendo wa 30 na wa 50 hakuna tofauti kubwa."
Dereva huchukua kama sekunde 1 kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, lami ikiwa kavu, gari huwa limesimama kabisa ndani ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 50, mita hizo 13 zikiisha, dereva bado hajakanyaga breki.

"Kukagua mtaa ni kazi ya wahandisi."
Kuchora marekebisho, ndiyo. Kukagua kunataka futi kamba, saa, kalamu na subira. Nenda watoto wanapotoka shule, kisha rudi usiku uone taa zipi haziwaki. Sukuma kigari cha mtoto, au bora zaidi, fuatana na bibi mwenye mkongojo na usimhimize. Taa nyingi za kuvukia hupangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani sekunde 12 kwa barabara ya mita 14. Bibi anayekwenda mita 0.8 anahitaji karibu sekunde 18, kwa hiyo taa inambadilikia akiwa bado kati ya magari. Andika sekunde zake kwenye fomu ya ukaguzi, zako ziache.

"Watu hawatembei hapa, kwa nini tutumie fedha?"
Huenda hawatembei kwa sababu ya hayo yaliyotajwa juu. Waulize wanaochukua gari kwenda mahali pa dakika kumi.

"Ukiyazuia magari, maduka yatakufa."
Wenye maduka wa Strøget, Copenhagen, walihofu hivyohivyo mtaa wao ulipofungiwa magari mwaka 1962. Ulikuwa ni jaribio tu. Mwaka 1964 ukafanywa wa kudumu, na mpaka leo ni mtaa wa maduka wenye msongamano, ila msongamano wenyewe ni wa watu.