Jamani, Evenkia Hawaishi Mmoja Mmoja

Nimeletewa tena. Safari hii ilikuwa slaidi ya semina, herufi kubwa nyekundu: "Evenkia: jirani yako yuko kilomita 47." Ukumbi ukacheka, mtoa mada akacheka, na mimi niliyekaa nyuma na kikombe cha chai nikaona nimeze tu, maana nilikuwa mgeni pale. Hapa siyo mgeni, kwa hiyo nasema.

Nachora ramani za idadi ya watu, ndiyo kazi inayonilisha. Evenkia, kiserikali Evenkiysky, ni wilaya ya mkoa wa Krasnoyarsk huko Siberia, Urusi. Hadi mwisho wa 2006 ilikuwa jimbo dogo lenye utawala wake. Tarehe 1 Januari 2007 ikawa wilaya. Wilaya kwa jina tu: ina kilomita za mraba 763,197, yaani Kenya nzima inaingia na nafasi inabaki. Sensa ya 2010 ilikuta watu 16,253. Gawanya, unapata mtu mmoja kwa kilomita za mraba 47. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Kosa la kwanza ni la darasa la sita. Kilomita za mraba 47 siyo kilomita 47! Ni kipande cha ardhi ambacho upande wake mmoja haufiki kilomita saba. Hata serikali ingewachukua watu wote hao, kuanzia kichanga hadi bibi kizee, ikawapanda kama miche ya mikorosho, kila mmoja katikati ya kipande chake, jirani angekuwa kilomita saba hivi. Unamtembelea asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana, theluji ikiruhusu.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi, kwa sababu hata wasomi wanalo. Hakuna aliyewapanda. Vijiji vya Evenkia havifiki thelathini, na karibu vyote vimeng'ang'ania kingo za mito, kwa sababu mto ndiyo barabara. Tura, makao makuu, ipo pale mto Kochechum unapoingia Nizhnyaya Tunguska. Baykit na Vanavara zipo kwenye Podkamennaya Tunguska, kusini. Tura peke yake ilikuwa na watu 5,535 mwaka 2010, theluthi ya wilaya nzima. Ongeza watu wa Baykit na Vanavara, nusu umeshaivuka. Mafuta na mizigo mizito hupandishwa kwa majahazi maji yanapojaa mwanzoni mwa kiangazi. Maji yakishuka, basi, kilichofika ndicho hicho. Baridi ikikaza, malori hupita kwenye njia za barafu. Kati ya hapo ni ndege. Sasa mtu mwenye akili timamu akajenge peke yake porini, mbali na gati na uwanja wa ndege, ili takwimu yako ipendeze?

Fanya hesabu nyingine. Badala ya kuiuliza ardhi ina watu wangapi, muulize mtu ana majirani wangapi. Tuseme nyumba za Tura zimekaa kwenye kilomita tano za mraba. Mtu wa Tura basi anaishi penye watu zaidi ya elfu moja kwa kilomita ya mraba. Anasikia mbwa wa jirani. Anajua nani kanunua pikipiki ya theluji na kwa mkopo wa nani. Upweke wa wilaya ni wa ardhi, siyo wake. Lile ziwa Vivi, ambako wapimaji waliweka kitovu cha Urusi yote, limo humuhumu Evenkia, na kwenye ramani ya rangi, ile inayopaka kila wilaya rangi moja kwa msongamano wake, linapakwa rangi ileile ya Tura.

Halafu kuna wanaosoma mabadiliko ya miaka. Sensa ya 1989 ilikuta watu 24,769. Ya 2002, watu 17,697. Msongamano ukashuka, na mtu akaniandikia kwamba "wakazi wanazidi kutengana." Wapi! Walioondoka ni hasa wale waliokuja kwa kazi za enzi ya Sovieti. Mishahara ilipokauka wakafunga mizigo. Waliobaki wamebaki vijijini mwao, mlango kwa mlango. Waevenki wenyewe, wenyeji wa asili wa huko, waliongezeka, kutoka 3,480 hadi 3,802. Sifurahii sana takwimu hiyo, nikiri. Kabila kwenye sensa ni lile unalolitaja mwenyewe, na katika nyumba yenye baba Mrusi na mama Mwevenki, jibu la mwaka huu linaweza lisiwe la miaka kumi na tatu iliyopita. Wangapi walizaliwa na wangapi walibadili jibu, jedwali halisemi.

Shaka yangu kubwa ni nyingine. Mfugaji wa kulungu wa kaskazini (reindeer), au mwindaji wa manyoya, anaandikwa kijijini. Miezi mingi yuko msituni. Nimweke wapi? Mimi namweka kijijini, kama kitabu kinavyotaka, na nafsi inanisuta, maana ndiye pekee ambaye ile slaidi ingemkaribia, na ndiye niliyemfuta. Ingawa hata yeye mara nyingi huwa na wenzake kambini.

Baada ya semina niliichora upya Evenkia kwa nukta, nukta moja kwa watu mia. Zilitoka nukta 163, zimejikusanya kwenye vishada kando ya mito, na weupe mtupu pande zote. Nikampelekea mteja aliyekuwa ameomba ramani ya Siberia. Alijibu siku ileile: ramani nzuri, ila data nyingine zitakuja lini?